Sanduku la Maoni na Alama ya Dole Gumba: Njia Mbili za Kutunza Siri ya Mgonjwa

Mwezi Oktoba 2020, watu wengi nchini Finland walifungua barua pepe ambazo hawakuzitarajia. Mtu wasiyemjua aliwaarifu kwamba anayo maandishi ya mazungumzo yao na mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia, na kwamba wasipomlipa kwa sarafu ya bitcoin katika muda aliouweka, maandishi hayo yangeanikwa hadharani. Walioandikiwa walikuwa wagonjwa wa Vastaamo, kampuni iliyokuwa ikiendesha vituo vya tiba hiyo, na kumbukumbu zilizoibwa zilihusu watu wapatao 33,000. Humo mlikuwa na mambo ambayo mtu humweleza mtaalamu wake tu, tena mlango ukiwa umefungwa. Mwizi hakulazimika kuvunja fumbo lolote. Maandishi yalihifadhiwa kama yalivyoandikwa, na aliyefanikiwa kuifikia kanzidata aliyasoma kama asomavyo gazeti.

Kwa karne nyingi siri ya mgonjwa imekuwa kiapo cha tabibu. Jalada lilikaa kabatini, kabati lilikaa katika chumba cha kumbukumbu, na mtunza kumbukumbu alijua nani amelichukua na lini amelirudisha. Leo jalada hilo limo ndani ya kompyuta, na mtu mwenye usemi mkubwa kuhusu usalama wake ni mtengeneza programu, ambaye hakula kiapo chochote mbele ya mwalimu wake wala hajawahi kukaa kitako na mgonjwa aliyetoka kupewa majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI. Hospitali humuuliza kama data ziko salama, naye hujibu kwamba zimesimbwa. Mazungumzo huishia hapo, kwa sababu aliyeuliza hajui swali linalofuata.

Swali linalofuata ni hili: zimesimbwa kwa njia gani? Zipo njia mbili ambazo huchanganywa kila siku, hata na watu wenye shahada za kompyuta, nazo zina tabia tofauti kama kufuli na muhuri. Ya kwanza ni usimbaji fiche wa ufunguo wa umma. Ya pili ni heshi. Kutumia moja mahali pa nyingine kumewahi kuwaanika watu kwa mamilioni.

Karibu na dirisha la mapokezi katika hospitali nyingi za Tanzania hutundikwa sanduku la maoni. Tundu lake la juu li wazi kwa kila apitaye: mgonjwa, jamaa yake, hata mpita njia aliyeingia kujikinga na mvua. Yeyote aweza kutumbukiza karatasi, na akishaitumbukiza, hata yeye mwenyewe hawezi kuitoa. Ufunguo wa kufuli uko kwa aliyekabidhiwa. Hivyo ndivyo ufunguo wa umma ufanyavyo kazi. Mfumo hutengeneza funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja, wa umma, husambazwa kwa kila anayeuhitaji, na kazi yake ni kufunga. Wa pili, ufunguo binafsi, hubaki kwa mwenyewe, na ndio pekee ufunguao.

Kabla ya miaka ya 1970, ilidhaniwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Waliotaka kuwasiliana kwa siri walipaswa kwanza kukutana, au kumtuma tarishi mwaminifu, ili wapeane ufunguo mmoja wa kufungia na kufungulia. Mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha nchini Marekani wazo la funguo mbili, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni mfumo uliobeba herufi za kwanza za majina yao, RSA. Baadaye sana, mwaka 1997, ilifichuliwa kwamba mwanahisabati Clifford Cocks alikuwa amefikia hesabu kama hiyo mwaka 1973 akiwa ndani ya idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza, lakini hakuruhusiwa kuitaja hata kwa rafiki.

Nguvu ya RSA hutokana na hesabu iliyo rahisi kuiendea na ngumu kuirudia. Kuzidisha 89 kwa 97 ni kazi ya mwanafunzi wa shule ya msingi. Jibu ni 8,633. Kumpa mtu 8,633 na kumtaka ataje namba tasa mbili zilizoizaa ni kazi nyingine kabisa. Katika mifumo ya leo, namba hiyo ya zao huwa na biti 2,048, yaani tarakimu 617, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa amechambua namba ya ukubwa huo iliyotengenezwa ipasavyo.

Hata hivyo sanduku hili lina tundu dogo. Ufunguo wa RSA wa biti 2,048 hauwezi kumeza hata ukurasa mmoja wa historia ya mgonjwa kwa mkupuo, sembuse picha ya CT, na hesabu zake ni nzito. Kwa hiyo mifumo iliyojengwa vizuri huunganisha mbinu. Picha au majibu ya maabara husimbwa kwa njia nyepesi ya ufunguo mmoja, kama AES iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, kisha ni ule ufunguo mmoja tu, mdogo kama tembe, unaotumbukizwa katika sanduku la ufunguo wa umma wa hospitali inayopokea. Maabara ya wilaya inayotuma majibu kwa hospitali ya rufaa haihitaji kujua siri yoyote ya hospitali hiyo. Inahitaji ufunguo wake wa umma, na uhakika kwamba ufunguo huo ni wa hospitali kweli. Uhakika huo husahaulika mara nyingi. Tapeli akitundika sanduku lake ukutani na kuliandika jina la hospitali, watu watalijaza.

Heshi haina tundu wala kufuli. Mgonjwa asiyejua kuandika, kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, hutia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Alama ile ni yake na si ya mwingine. Lakini hakuna mtaalamu, awe hodari vipi, awezaye kuitazama na kuchora sura ya mgonjwa, wala kueleza urefu wake au maradhi yake. Heshi ni alama ya namna hiyo kwa ajili ya data. Chochote kiingizwacho, iwe herufi moja au majalada ya hospitali nzima, kanuni ya heshi iitwayo SHA-256 hutoa alama yenye urefu uleule: biti 256, ambazo huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Kitu kilekile hutoa alama ileile leo na kesho. Badili jina Asha liwe Aisha, na alama nzima hugeuka isifanane na ya kwanza hata kidogo. Hakuna ufunguo wa kuirudisha, kwa kuwa hakuna kilichofungwa; data zenyewe hazimo ndani yake.

Alama kama hiyo hufaa kwanza kwa kuthibitisha kwamba kitu hakikuguswa. Faili la majibu likihifadhiwa pamoja na heshi yake mahali palipo salama, mtu akibadili sifuri moja ya hesabu ya damu, heshi mpya haitalingana na ya zamani. Sharti lake ni kwamba vitu viwili tofauti visipatikane vyenye alama moja. Kanuni ya zamani ya MD5 ilipoteza heshima hiyo mwaka 2004, pale mwanahisabati wa China, Wang Xiaoyun, na wenzake walipoonyesha mgongano wa aina hiyo. SHA-1 ilifuata mwaka 2017, kwa mafaili mawili tofauti yenye alama moja yaliyotengenezwa na watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google. Mtengeneza programu anayeendelea kuzitumia kulinda uhalisi wa kumbukumbu hana kisingizio tena.

Kazi ya pili ya heshi ni nywila, na hapa tofauti ya njia hizi mbili hudhihirika waziwazi. Muuguzi anapoingia katika mfumo wa hospitali, mfumo hauna haja ya kuijua nywila yake. Una haja ya kuthibitisha kwamba aliyoiandika leo ni ileile aliyoiweka siku ya kwanza, na kwa hilo alama yatosha. Kuisimba nywila kwa njia ya kufunguka ni kujiwekea ufunguo ambao siku moja utaibwa pamoja na sanduku. Mwaka 2013, kanzidata ya watumiaji wa kampuni ya Adobe iliibwa ikiwa na nywila zaidi ya milioni 100. Hazikuwa zimetiwa heshi. Zilisimbwa zote kwa ufunguo mmoja, kwa namna ambayo nywila zinazofanana zilitoa matokeo yanayofanana. Kando yake kulikuwa na vidokezo ambavyo watumiaji walijiandikia wenyewe ili wasisahau, vikiwa vimeachwa wazi. Ufunguo haukuhitajika hata kuibwa: watu walipanga pamoja waliofanana, wakasoma vidokezo vyao, wakabashiri.

Heshi peke yake nayo haikutosha. Mwaka mmoja kabla, nywila zipatazo milioni 6.5 za watumiaji wa LinkedIn zilivuja zikiwa zimetiwa heshi ya SHA-1 tupu, na nyingi zilijulikana baada ya siku chache. Wavamizi hawakuigeuza heshi. Walichukua orodha za nywila ambazo watu hupenda kuzitumia, wakazitia heshi moja baada ya moja, wakalinganisha. Tiba yake ina sehemu mbili. Ya kwanza huitwa chumvi: maandishi ya kubahatisha, tofauti kwa kila mtumiaji, yanayochanganywa na nywila kabla ya heshi, ili wauguzi wawili wenye nywila moja wasiwe na alama moja. Ya pili ni uzito. SHA-256 iliundwa iwe ya kasi, na kasi hiyo ni neema kwa mvamizi. Kanuni za bcrypt, ya mwaka 1999, na Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa la kanuni za nywila mwaka 2015, ziliundwa makusudi ziwe nzito. Muuguzi hatahisi kucheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini anayetaka kujaribu nywila bilioni moja atahisi.

Hatari kubwa zaidi kwa mgonjwa, hata hivyo, haiko kwenye nywila. Iko kwenye kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa, na mara nyingi ndani ya tafiti za afya.

Mtafiti anataka kujua kama wagonjwa walioacha kuhudhuria kliniki moja ya tiba na matunzo ya VVU wamehamia nyingine au wameacha dawa. Anahitaji kulinganisha orodha za vituo viwili bila kuona majina. Mtengeneza programu anamshauri afute majina, achukue namba ya simu ya kila mgonjwa, aitie heshi ya SHA-256, kisha alinganishe alama. Heshi haigeuki, anaeleza, kwa hiyo orodha haina utambulisho. Kamati ya maadili inasoma maelezo hayo na kuridhika. Orodha inasafiri kwa barua pepe, inanakiliwa kwenye kompyuta tatu.

Sasa irudiwe ile alama ya dole gumba. Ni kweli kwamba hakuna awezaye kuchora sura kutokana nayo. Lakini kama fomu imetoka katika kijiji chenye kaya 50, yatosha kuwaita wanakijiji wote, kila mmoja atie dole, na mwenye alama atapatikana kabla ya adhuhuri. Namba za simu za mkononi za Tanzania ni kijiji cha namna hiyo. Baada ya 255 hufuata tarakimu tisa, ya kwanza ikiwa 6 au 7. Namba zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta ndogo inayokokotoa heshi milioni moja tu kwa sekunde, mwendo ambao leo ni wa kobe, huzimaliza zote kwa sekunde 200, yaani dakika tatu na nusu hazijatimia. Mwishoni mwa dakika hizo, kila alama katika orodha ya mtafiti ina namba yake ya simu, na namba ya simu, katika nchi ambayo watu hutumiana pesa kwa simu na jina la mpokeaji hujitokeza kabla ya kuthibitisha, ina jina.

Namba ya usajili ya kliniki haina nafuu. Hujengwa kwa tarakimu za mkoa, wilaya na kituo, ambazo si siri, kisha namba ya mfuatano ya tarakimu sita. Kwa kituo kinachojulikana, hizo ni alama milioni moja. Ni kazi ya sekunde moja.

Haya yamekwisha tokea kwingineko. Mwaka 2014, jiji la New York lilitoa takwimu za safari takribani milioni 173 za teksi, namba za magari na za leseni za madereva zikiwa zimetiwa heshi ya MD5. Mhandisi mmoja alizifumbua zote ndani ya saa chache, kwa kuwa namba zilizowezekana zilikuwa chache na zilifuata mpangilio. Agosti 2016, Idara ya Afya ya Australia ilichapisha kumbukumbu za huduma za matibabu na dawa za takribani asilimia 10 ya wananchi, namba za watoa huduma zikiwa zimefichwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walizifichua, wakaiarifu idara, na data zikaondolewa mtandaoni mwezi uliofuata. Mwaka 2017 watafiti haohao walionyesha kwamba hata wagonjwa wenyewe wangeweza kutambuliwa, mara hii bila kuvunja fumbo lolote: tarehe za kujifungua na za upasuaji, zikilinganishwa na habari zinazojulikana hadharani, zilitosha.

Mtu atauliza kama basi isingekuwa bora namba za simu zisimbwe kwa ufunguo wa umma. Jibu lategemea namna ilivyofanywa, na hapa hata mahodari hujikwaa. Ufunguo wa umma, kama jina lake lisemavyo, uko kwa kila mtu. Namba ya simu ikisimbwa kwa RSA tupu, mvamizi ataichukua kila moja ya zile namba milioni 200, ataifunga kwa ufunguo uleule wa umma, na atalinganisha. Ni kijiji kilekile, madole yaleyale, japo kazi itamchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana usimbaji sahihi huchanganya kitu cha kubahatisha kila mara, ili namba moja ikifungwa mara mbili itoe matokeo mawili tofauti. Siri hapo hulindwa, lakini mtafiti hawezi tena kulinganisha orodha zake.

Anachohitaji kwa kweli ni kimoja kati ya viwili. Chaweza kuwa heshi yenye ufunguo wa siri, iitwayo kitaalamu HMAC, ambamo asiye na ufunguo hawezi kutengeneza alama hata akiwa na namba zote za simu za dunia. Au kila mgonjwa apewe namba ya kubahatisha isiyo na uhusiano wowote na taarifa zake, na daftari la kuoanisha likae mahali pengine, kwa mtu mwingine, likiwa limesimbwa. Njia hii ya pili ni kongwe kuliko kompyuta, na aliyewahi kushiriki jaribio la dawa ambamo wagonjwa hujulikana kwa namba za bahasha anaifahamu. Inachosha kuisimamia. Ubora wake ni kwamba hakuna hesabu yoyote ya kuivunja.

Ziko pia kazi ambamo njia zote mbili hushirikiana. Vyeti vya UVIKO-19 vya Umoja wa Ulaya, vilivyoanza kutumika rasmi Julai 2021, vilibeba ndani ya mraba wa QR taarifa za chanjo pamoja na saini ya kidijitali. Taarifa zilitiwa heshi kwanza, kisha ufunguo binafsi wa mamlaka ya nchi ukatumika kuisaini heshi hiyo, na askari wa mpakani akaikagua kwa ufunguo wa umma hata pasipo mtandao. Mwendo wa funguo hapa ni kinyume cha ule wa sanduku: mmoja pekee ndiye awezaye kusaini, na dunia nzima yaweza kuthibitisha. Wala cheti hakikufichwa. Yeyote mwenye simu aliweza kusoma jina na tarehe ya chanjo, jambo ambalo wengi walilistaajabia, kwa kuwa walidhani kila chenye hesabu ngumu ndani yake ni siri.

Siri za kitabibu zina umri mrefu pia. Nywila iliyovuja hubadilishwa jioni hiyohiyo. Majibu ya kipimo cha seli mundu ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu yatakuwa kweli atakapofikisha miaka 60. Kompyuta za kwanta, zikikomaa, zinatarajiwa kuvunja RSA na jamaa zake, huku heshi kama SHA-256 zikiyumba kidogo tu. Anayenakili leo mawasiliano yaliyosimbwa aweza kusubiri. Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta hizo, na mfumo wa hospitali unaojengwa sasa unapaswa kuacha nafasi ya kubadilisha kanuni bila kubomoa nyumba nzima.

Sheria zimekwisha tangulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kenya ilifanya hivyo kwa sheria yake ya mwaka 2019. Lakini sheria haiwezi kumwambia mtengeneza programu atumie kanuni ipi katika safu ipi ya kanzidata. Hayo huamuliwa na mganga mfawidhi aliyeuliza maswali, au na yule ambaye hakuyauliza.

Nalo swali la mwisho halihusu hesabu. Januari 2019, Wizara ya Afya ya Singapore ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU zimewekwa mtandaoni kinyume cha sheria. Hakuna fumbo lililovunjwa. Wizara ilieleza kwamba inaaminika zilitoka kupitia daktari aliyekuwa na ruhusa ya kuifikia rejista hiyo kwa kazi yake. Ufunguo humfungulia kila aushikaye. Wodini, ufunguo wa kabati la mofini na pethidini hukabidhiwa zamu kwa zamu: vichupa huhesabiwa mbele ya wauguzi wawili, daftari hutiwa saini, na upungufu wa kichupa kimoja huamsha watu usiku. Katika chumba cha seva cha hospitali hiyohiyo, si ajabu ufunguo unaofungua majalada yote ya wagonjwa ukutwe katika faili la kawaida, ndani ya kompyuta ileile yenye majalada, pasipo daftari la kuonyesha nani aliushika zamu ya jana.